Samaki wa Baruti



Leo sikukujia na mas'ala ya udhu wala ya mirathi. Nakujia na kisa cha kitoweo, tena kitoweo nilichokila mimi mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia, baada ya kusema Bismillahi. Kisa hiki nimekificha kwa miaka mingi. Sasa umri wangu umepita sitini, na aliyefika hapo yampasa aanze kulipa madeni yake kwa hiari kabla hajadaiwa.

Hivi leo kila barazani utawasikia watu wakibishana juu ya elimu ya kisasa na vyombo vyake. Huyu husema imetuokoa, akataja dawa, taa ya umeme na simu. Yule husema imetuangamiza, akataja mabomu, moshi na sumu. Mimi sikusoma elimu hizo. Nimelelewa na mkeka wa chuoni, hapo nikasoma na hapo nikasomesha. Lakini nimezaliwa pwani ya Tanga, hatua chache kutoka majini, na nimeona kwa macho yangu kitu kimoja kilichobuniwa Ulaya kikisafiri mpaka kikaingia katika sinia ya maulidi yetu. Tukikipima vyema kitu hicho kimoja, inshallah tutapata pishi ya kupimia na vinginevyo.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa madema. Alisuka dema kwa fito, akaacha macho makubwa ili wadogo watoke, abaki mkubwa. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, alinichukua kwa ngalawa mpaka mwambani. Ningali nakumbuka nilivyokuwa nikichungulia ubavuni mwa chombo: matumbawe yamesimama mfano wa miti ya bustani, haya ya zambarau, yale ya manjano, na baina yake tasi, changu na pono wakipita makundi kwa makundi kama watoto waliofunguliwa chuoni. Baba alikuwa akiniambia, "Mwamba ni ghala, mwanangu. Ghalani mtu huingia kwa mlango, akachota, akaondoka. Anayevunja ukuta ili achote upesi, mwakani atachota nini?"

Maneno hayo sikuyafahamu barabara mpaka nilipoanza kusikia mlio. Ulikuwa mlio mzito, unapita chini ya maji kama ngurumo iliyofukiwa. Watu wakasema ni baruti. Mvuvi wa mshipi alikesha baharini apate tenga moja. Mwenziwe hutoka asubuhi, hurusha chupa moja, na kabla ya adhuhuri yuko pwani na matenga matano. Baruti nyingine zilitoka machimboni na katika kazi za kupasua mawe, na wengine wakajifunza kuziunga wenyewe. Sheria ilikwisha kupiga marufuku, lakini mlio haukukoma, na kufikia miaka ya 1990 zilikuwako siku tulizousikia mara kadhaa kabla jua halijapanda.

Sasa nakuomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo deni langu lilipo.

Ilikuwa Mfungo Sita, mwaka 1994. Kusi limekaza, vyombo vingi vimepandishwa pwani, na sisi chuoni tuna maulidi. Mchele umepatikana, nazi zimeangushwa, ila kitoweo hakuna. Alasiri akaja kijana mmoja aliyekhitimu mikononi mwangu. Katika wanafunzi wangu wote hapakuwa na mwenye hati nzuri kama yake. Ubao wake nilikuwa nikiwaonyesha wenziwe wauige. Yeye na mwenzake walikuwa wamebeba matenga mawili ya samaki.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Bahari chafu namna hii, umewapata wapi?"

Akacheka kidogo. "Ni riziki, Maalim. Nimewaleta kwa ajili ya maulidi. Wapishi wanangoja."

Nikamshika pono mmoja. Uti wa mgongo umevunjika, nyama imelegea kama iliyokwisha kupikwa, na machoni damu imevia. Mtoto wa mvuvi hahitaji kuambiwa. Nilijua. Nikatazama jikoni, nikaona moto umekwisha kuwashwa. Nikawafikiri wageni waliokuwa njiani kutoka vijiji vya jirani. Nikaona aibu ya kuwalisha wageni wali mtupu ni kubwa kuliko aibu ya kunyamaza. Nikamwambia, "Mwenyezi Mungu akuzidishie," kisha nikampa mpishi samaki wale.

Ndugu msomaji, iangalie dua ile. Nilimwombea azidishiwe nini?

Siku ya tatu dhamiri ilinisumbua, nikamwita nikamnong'oneza kwamba kazi ile si njema. Akanijibu kwa adabu, tena kwa elimu niliyompa mwenyewe: "Maalim, wewe ndiye uliyetusomesha kwamba maji ya bahari ni tohara na maiti wake ni halali. Samaki hachinjwi. Akifa kwa mshipi au kwa baruti si ni yule yule? Kosa langu ni lipi?"

Jibu lilikuwapo. Ningemwambia kuwa uhalali wa nyama ni jambo moja na uhalali wa njia ni jambo jingine. Mbuzi wa wizi ukimchinja kwa Bismillahi, wizi hautoki kwa kisu. Ningemkumbusha ile kanuni inayojulikana na kila aliyefungua kitabu cha fiqhi, kwamba mtu hana ruhusa ya kumdhuru mwenziwe wala watu kulipana madhara. Na mwamba ni wa mayatima na wajane wanaookota pweza, na wa watoto ambao hawajazaliwa bado. Lakini nilikuwa nimekula. Aliyetia mkono katika sinia hana ulimi wa kulikemea jungu. Nikasema maneno mawili matatu ya kuzungukazunguka, tukaagana.

Haukupita mwaka. Asubuhi moja utambi uliungua upesi kuliko alivyokadiria, na chupa ikapasukia mkononi. Nilipomzuru hospitali nilikuta mkono wake wa kulia umekatwa kwenye kifundo, mkono ule ule ulioandika ubao mzuri. Nilijitayarisha kumpa maneno ya subira. Yeye akanitangulia: "Maalim, siku ile ulipomshika yule pono niliona macho yako. Nilijua kuwa umejua. Nikasema moyoni, kama Maalim amejua na amepokea, basi jambo hili halina ubaya mkubwa."

Tangu siku hiyo nimesomesha miaka mingi, na sijapata kusikia somo zito kuliko hilo.

Baada ya hapo nilitaka kujua kitu hiki kimetoka wapi, nikawauliza waliosoma. Nikaambiwa kwamba mwaka 1847 Mtaliana mmoja, Ascanio Sobrero, alipata majimaji yaitwayo nitrogliserini, yenye nguvu za ajabu lakini hayana amana, kwani huweza kulipuka kwa kutikiswa tu. Alfred Nobel, mtu wa Sweden, alishughulika kuyafuga majimaji hayo. Mwaka 1864 karakana yao mjini Stockholm ililipuka, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Emil, mdogo wake Nobel. Hakuacha. Akayanywesha majimaji yale katika udongo laini, yakatulia, na mwaka 1867 akapata hati ya uvumbuzi wake, ndio dainamiti. Kwa dainamiti watu walipasua njia ya reli ndani ya mlima wa Gotthard huko Uswisi, kazi iliyodumu tangu 1872 hadi 1882. Nobel alitajirika mno, na katika wasia wake wa mwaka 1895 akaagiza mali yake itoe tuzo kwa watu wanaowanufaisha wanadamu. Tuzo hizo zilianza kutolewa mwaka 1901, na mpaka leo zinatolewa.

Mtu huyu hakumwaza pono wa Tanga. Alifikiri milima na machimbo. Je, tumlaumu yeye peke yake? Kati ya karakana ya Stockholm na sinia yangu ipo mikono mingi: mkono ulioiba baruti machimboni, mkono ulioiuza kwa siri, mkono uliowasha utambi, mkono wa mchuuzi, mkono wa mpishi, na mwisho mkono wangu. Kila mmoja wetu alikuwa na neno la kujitetea, na kila mmoja alimwonyesha kidole aliye mbele yake. Hivyo ndivyo madhara makubwa yanavyopita duniani bila ya mwenyewe kujulikana.

Wala usidhani, ndugu yangu, kuwa nachukia elimu ya wataalamu. Mungu apishe mbali! Miaka michache iliyopita macho yangu yaliingia mtoto wa jicho, hata msahafu nikawa nausoma kwa hifadhi tu, herufi sizioni. Daktari akanipasua, akanitia lenzi ndogo ya kutengenezwa, na kesho yake nikaziona nukta za baa na taa. Lenzi hiyo nayo ina nasaba yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, aliona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani machoni havikulitia jicho uvimbe kama alivyotarajia. Mwaka 1949, mjini London, akamtia mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Leo mamilioni ya watu wanaona kwa uvumbuzi huo, nami ni mmoja wao.

Tazama basi! Kitu kilichotoka katika ndege ya vita kimefungua jicho la mzee, na kitu kilichotengenezwa kurahisisha kazi ya reli kimevunja ghala la wavuvi na mkono wa kijana. Elimu haina uso wake wenyewe. Huvaa uso wa anayeitumia, na wa wale wanaomtazama wakanyamaza.

Kwa jicho hilo jipya nilirudi mwambani. Mwanafunzi wangu yule sasa ana mvi. Hushika usukani kwa mkono wa kushoto, na yumo katika kamati ya kijiji ya kulinda bahari. Siku moja ya bamvua alinipakia chomboni, akanipa miwani ya kuzamia, nami mzee mzima nikatia uso majini pale pale aliponichukua baba. Nilichokiona kilikuwa kifusi. Vipande vyeupe na vya kijivu vimetapakaa kama mtaa wa nyumba za mawe uliobomolewa, na samaki ni mmoja mmoja.

Yeye ndiye aliyenisomesha siku hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Akanieleza kwamba tumbawe si jiwe tupu. Ni wadudu wadogo wadogo wa baharini wanaojenga kwa chokaa, kizazi juu ya kizazi. Yale mawe makubwa ya mviringo aghalabu huongezeka kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka. Nikapiga hesabu. Jiwe la kimo cha mtu lililovunjwa mwaka ule wa 1994 lilikuwa limeanza kujengwa kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja. Chupa moja ikalimaliza kwa muda wa kupepesa jicho.

Akaniambia pia kwamba mshindo hupita majini kwa nguvu kuliko hewani, na samaki wengi wana kifuko cha hewa ndani ya mwili, basi kifuko hupasuka. Wengi wao huzama wasiokotwe, wakaozea chini, pamoja na wadogo ambao mshipi na dema zingewaacha. Na ubaya hauishii hapo, maana kifusi huviringishwa na mawimbi, na chipukizi la tumbawe haliwezi kushika juu ya kitu kinachogeukageuka. Kisha mwaka 1998 joto la maji lilizidi, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa. Mwamba mzima ukipatwa na msiba kama huo una nguvu ya kujiuguza. Uliokwisha kupasuliwa ni mgonjwa aliyepigwa akiwa kitandani.

Hata hivyo alinionyesha upande mmoja, nyuma ya jiwe lililosalia, matumbawe machanga ya ukubwa wa kiganja. "Haya yamekuja tangu milio ilipopungua, Maalim," akasema. Nilishukuru ndani ya maji, ambako machozi hayaonekani.

Na jambo jingine la kuzingatia. Mwaka 1938, huko Afrika ya Kusini, alipatikana samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu walikuwa wakiamini kwamba ukoo wake umetoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa kwetu Tanga wamekuwa wakimpata katika majarife yao, na mwaka 2009 ikawekwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwa ajili yake. Basi samaki huyo alikuwa jirani yetu siku zote, na sisi hatuna habari! Tulikuwa tukibomoa nyumba ambayo hata vyumba vyake hatujavihesabu.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Rum kuwa uharibifu hudhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale ambayo mikono ya watu imeyachuma, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Mimi kila nikiisoma aya hiyo hufikiri mikono miwili: ule uliokatwa, na wangu uliobaki mzima. Wala sijui ni upi uliochuma zaidi.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, baadhi yao juu na baadhi yao chini. Wa chini walikuwa wakipita kwa walio juu kila wanapotaka maji, wakaona wanawaudhi, wakaazimia kutoboa tundu upande wao wenyewe. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Sisi watu wa pwani mfano huu tunauelewa kuliko wengine. Lakini angalia jambo ambalo nimelitambua uzeeni: watu wale wa chini hawakukusudia kuzamisha chombo. Walitaka maji tu, kwa njia fupi. Na wale wa juu hawakutakiwa watoboe, walitakiwa wasinyamaze.

Hivi ndivyo vilivyo vitu vingi vinavyotujia siku hizi. Kila kimoja huja na njia fupi mkononi. Baruti hufupisha kazi ya uvuvi, dawa ya sumu hufupisha kazi ya palizi, na mfuko wa plastiki unamwondolea mtu taabu ya kubeba kikapu. Njia fupi si haramu. Lakini yatupasa tuulize: ufupi huu unalipwa na nani? Ukimwona mwenye kulipa ni mtoto asiyezaliwa, au jirani asiyeulizwa, au kiumbe asiyeweza kusema, basi ujue kuwa hiyo si njia, ni tundu la jahazi.

Kwa hiyo nina maneno machache ya kumalizia, na nayasema kama mdeni, si kama hakimu.

Mama unayekwenda mnadani, mtazame samaki kabla hujauliza bei. Ukiona uti umevunjika, nyama imelegea na damu imevia, mrudishe, hata akiwa rahisi. Senti yako ndiyo inayonunua utambi wa kesho. Baba, usimsifu mwanao kwa wingi wa alichokileta kabla hujajua alikitoa wapi. Nawe mwalimu mwenzangu, ujue kwamba wanafunzi wetu hawasomi midomo yetu tu. Husoma na mikono yetu inapopokea. Neno ukilichelewesha mpaka baada ya kula, halina tena ladha wala uzito.

Nasi maalim tusiiogope elimu ya wataalamu tukaiacha ipite mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Tuikaribishe, tukae nayo, tuiulize maswali. Laiti mwaka ule ningelijua nusu ya niliyoambiwa juu ya chombo, huenda ningelikuwa na ujasiri. Lakini hilo nalo ni udhuru tu, maana pono yule aliniambia ya kutosha.

Kila mwaka tunaposoma maulidi, mwanafunzi wangu huja akaketi karibu nami. Tukikosa samaki, tunakula wali kwa mchuzi wa kunde, na wageni hawajapata kulalamika.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyala kwa kujua na tuliyoyanyamazia kwa haya, awape wanaotufuata bahari iliyo hai, na atujaalie elimu yenye manufaa na mikono yenye amana. Amin.